Twiga wa Mwalimu Yuliana

Nilifundisha miaka thelathini na minne, na miaka yote hiyo nilikuwa na twiga mmoja. Kila tulipofika somo la mbuga za wanyama nilimchora ubaoni. Kwanza niliichora kasoko ya Ngorongoro yenyewe, ile waiitayo kreta, kama bakuli la uji lililokatwa ubavuni ili watoto waone ndani. Kisha ziwa, kisha simba, faru na nyumbu. Mwisho kabisa nilimchora twiga, shingo imepita ukingo wa bakuli, na darasa zima lilicheka. Rangi zilipopatikana nikasimamia picha hiyo hiyo ichorwe kwenye ukuta wa nje wa darasa la tano, pale wanafunzi wanaposimama mstarini asubuhi. Jina la shule silitaji. Iko huku Kibamba, na mwalimu mkuu wake hapendi mambo ya kuandikwaandikwa.

Mimi ni mtu wa Muleba. Nililetwa Dar es Salaam kufundisha wakati Kibamba bado ni mikorosho na mihogo, na tangu hapo safari yangu ndefu ilikuwa ya kwenda nyumbani Krismasi. Ngorongoro sikuwahi kufika, na hilo halikunisumbua. Mwezini pia sijafika, na mwezi niliufundisha.

Mwaka jana, miezi michache kabla ya kustaafu kwangu, rangi za ukuta ule zilikuwa zimeanza kubanduka. Mwalimu mkuu akasema likizo ya Desemba utapakwa upya na picha zote zichorwe tena. Ndipo Mwalimu Bupe wa darasa la nne, binti mwenye adabu lakini ana ugonjwa wa kupekua simu, akanifuata ofisini.

"Shikamoo madam. Samahani. Nimesoma mahali kwamba ndani ya kreta hakuna twiga."

"Marahaba. Umesoma wapi?"

"Mtandaoni, madam."

"Mtandaoni wameandika pia kwamba maji ya kitunguu yanaotesha nywele. Wewe umepaka?"

Walimu wakacheka, Bupe naye akacheka. Mwalimu mkuu akasema twiga ni wa Mwalimu Yuliana, kwa hiyo Mwalimu Yuliana ndiye atakayeamua kama abaki au afutwe. Ulikuwa mzaha tu. Lakini nilirudi nyumbani nikashindwa kula, kwa sababu Bupe hakuwa wa kwanza kuniambia neno lile. Wa kwanza alikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, na nilimfanyia jambo ambalo, kama Bupe alisema kweli, lilikuwa jambo baya.

Mtoto huyo ni Elinaza. Alikuwa darasa la tano mwaka tisini na tisa, binti wa Kipare, mwembamba, mkono wake uko juu kabla swali halijaisha. Baba yake, Erasmus, aliendesha greda la kuchonga barabara. Alifanya kazi mikoani miaka mingi, na kila aliporudi Kibamba alirudi na hadithi. Mtaani walimwita Mzee Kamba, maana walisema anapiga kamba, hadithi zake ni uongo mtupu. Alisimulia kwamba siku alipokuwa akichonga barabara ya kushukia Ngorongoro, mwewe alimpokonya mkate mkononi kabla haujafika mdomoni. Kwamba kule chini tembo ni madume wazee watupu, wake na watoto hakuna, kama kijiwe cha bao. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, halafu wakamwomba aongeze nyingine.

Kwenye jaribio niliwaambia watoto wachore kasoko na wanyama wake. Elinaza alichora wote isipokuwa twiga, na chini akaandika: Twiga hawashuki humu. Baba yangu amefika. Nikampiga kosa. Akaja mezani kwangu na daftari lake na kusema, kwa heshima kabisa, "Mwalimu, baba amefika. Mwalimu umefika?"

Sikumchapa. Kwa miaka mingi nilijisifia kwamba sikumchapa. Nilisimama mbele ya watoto hamsini na nane nikasema, "Njia ya mwongo ni fupi. Baba yako tunamjua wote." Wakaangua kicheko, kwa sababu kweli walimjua wote. Kisha nikampa masahihisho. Shuleni kwetu ukikosa swali huachwi hivi hivi. Unaandika jibu sahihi chini ya kosa, na mwalimu anasahihisha tena. Elinaza nilimwandikisha mara ishirini: Ndani ya kasoko ya Ngorongoro kuna twiga. Aliandika mistari yote ishirini kwa mwandiko mzuri, nami nikaweka tiki kubwa nyekundu. Tangu siku ile hakunyoosha mkono tena darasani kwangu. Niliona. Nikadhani amepata adabu.

Basi, nilipostaafu, wanafunzi wangu wa zamani walitaka kunipa zawadi. Wana kundi lao la WhatsApp, na kiranja wao hadi leo ni Nassibu, mtoto wa Dar wa baba na babu, anayekata nyama machinjioni Vingunguti. Akanipigia simu.

"Shikamoo madam. Sie huku tumeshapanga, tunakuletea kabati la vyombo."

"Marahaba. Kabati ninalo. Nipelekeni Ngorongoro."

Akacheka, kisha akauliza, "Madam, uko siriasi?"

"Lini uliniona natania?"

"Haya bana. Basi twende wote. Mie wanyama niliowaona maishani ni hawahawa wanaoshushwa na malori hapa, na hatukai nao sana."

Kwenye kundi kumi na mmoja waliandika kwamba watakuja. Wa mwisho kuandika alikuwa Elinaza. Aliandika neno moja: Nitakuja. Nassibu alinionyesha baadaye kwa mshangao, maana Elinaza alikuwa humo miaka mitano na hakuwahi kuandika chochote, hata amina kwenye msiba. Nilijua tu kwamba ni mtunza stoo wa kiwanda kimoja cha biskuti Mikocheni. Nilikaa nalo neno lile moja siku nzima. Sitaficha, niliogopa.

Kilichonipeleka sikumwambia mtu. Nilitaka kushuka ndani ya kasoko nimwone twiga kwa macho yangu. Nikimwona, ukuta utabaki kama ulivyo, na mtoto yule nilimfundisha ipasavyo. Nisipomwona, nitakuwa nimemwita baba wa mtu mwongo mbele ya darasa zima, na nimemwandikisha mwanawe uongo mara ishirini.

Walioahidi ni kumi na mmoja, waliotokea alfajiri ya safari ni watano. Ndivyo tulivyo. Nassibu alikuja na hotpoti la pilau lililofungwa kwa kanga, na Elinaza alikuja na begi dogo. Ana miaka thelathini na sita sasa, bado mwembamba, amevaa miwani. "Shikamoo mwalimu," akasema, akaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa.

"Marahaba mwanangu. Baba hajambo?"

"Baba alifariki, mwalimu. Huu mwaka wa kumi na moja."

"Jamani. Pole sana."

"Asante mwalimu."

Hayo ndiyo mazungumzo yetu mpaka Segera. Kutoka Segera mpaka Karatu, tulikolala, hatukuongeza neno.

Kesho yake tuliingia kwenye gari la kitalii lenye paa la kufunuka. Dereva alikuwa Daniel, mwenyeji wa Karatu, kijana mpole anayeongea polepole. Kulikuwa na baridi ambayo watu wa Dar hatukuumbiwa. Nassibu alivaa koti, na juu ya koti akajifunga kitenge cha mkewe, na juu ya kitenge akajifunika taulo la nyumba ya wageni. Tulipanda mlima ndani ya ukungu mzito, miti imening'iniza ndevu za kijivu, hatuoni mbele wala nyuma. Daniel akasimama ukingoni akasema tushuke tutazame.

"Tutazame nini? Hili shuka jeupe?" Nassibu akauliza.

Tukasubiri. Ukungu ukapasuka kutoka chini, na kasoko ikawa pale.

Miaka thelathini na minne nilichora bakuli la uji. Kile nilichokiona hakikuwa bakuli. Ilikuwa nchi nzima imekaa chini, ina ziwa lake, msitu wake, mawingu yake yanayotembeza vivuli, na ng'ambo ukuta mwingine wa bluu mbali kiasi kwamba nilimuuliza Daniel kama ule ni mlima wa pili. Akasema ni ukuta huu huu, umezunguka. Vidole vyangu vilitafuta chaki. Nilijaribu kuwaza ningeanzia wapi kuichora nikakosa pa kuanzia, na nilifurahi kama mtoto.

Tukafuata ukingo kuelekea upande wa machweo, kwenye barabara ya kushukia. Miteremko ya nje kule ni mikavu, ina migunga iliyotawanyika. Ghafla, juu ya mgunga mmoja, nikaona kichwa.

"Simamisha! Twiga! Nassibu, piga picha!"

Walikuwa watatu, wanatafuna bila wasiwasi. Nilipiga makofi kwa furaha. Niligeuka nyuma. Elinaza alikuwa anawaangalia twiga, uso wake hauna kitu.

"Mama," Daniel akasema, "hawa bado wako nje. Hatujaingia."

"Ukingo uko wapi?"

"Ule pale."

"Si hapo tu? Basi watashuka."

Daniel akawasha gari bila kunijibu. Nimefundisha watu, kimya cha mtu anayejua jibu nakifahamu, na hicho sikukipenda.

Barabara ya kushuka imechongwa ubavuni mwa ukuta, upande mmoja jabali, upande mwingine hewa. Wenzetu walikuwa wanapiga picha za bondeni. Elinaza peke yake alitoa kichwa dirishani akawa anaitazama barabara yenyewe, changarawe zake na mifereji yake. "Kaka Daniel," akauliza, "hapa greda linapitaje?" Daniel akamwambia baada ya mvua greda hushuka, na kwenye kona nyingine hurudi kinyumenyume kwa sababu hakuna pa kugeuzia. Elinaza akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa kitu anachokijua.

Chini kule sitaorodhesha kila tulichokiona, maana wengine mtadhani najisifu. Simba jike alikuwa amelala kwenye kivuli cha gari la watu wengine, hana habari na mtu. Nyumbu walikuwa wengi kuliko mbuzi wa Vingunguti siku za kuelekea Idi. Nassibu kazi haikumtoka kichwani. Kila mnyama alimpima kwa jicho, na pundamilia mmoja alimpa kilo mia mbili bila kichwa wala miguu.

Mimi nilikuwa nimeazima darubini ya Daniel. Natafuta shingo.

Karibu na kinamasi tukawakuta tembo wanne, wakubwa mno, pembe ndefu zinakaribia kugusa nyasi. Nikauliza wake zao wako wapi. Daniel akasema humu ndani mara nyingi utawakuta madume tu, tena wazee. Meno ya kutafunia yamelika, na majani ya kinamasi ni laini. Makundi yenye watoto hukaa zaidi huko juu msituni.

"Kijiwe cha bao!" Nassibu akaropoka.

Kisha akafunga mdomo. Naye alikuwa amekua mtaa ule, hadithi za Mzee Kamba alizisikia kama sisi wote. Tukamwangalia Elinaza. Alikuwa anatabasamu, peke yake, kuelekea kwa tembo.

Mchana tulipumzika kwenye bwawa la viboko. Daniel akatuonya tulie chakula ndani ya gari kwa sababu ya mwewe. Nassibu akakataa. "Mie nakaa na kunguru wa machinjioni mwaka wa kumi na tano," akasema. "Mwewe wa shamba atanifanya nini?" Akashuka na paja la kuku, akasimama kando ya maji, mkono kiunoni. Hakuwahi kulionja. Kitu kilipita kama kofi la upepo, na paja likaenda zake angani. Nassibu akabaki ametazama vidole vyake, anavihesabu.

Tulicheka wote, na Elinaza ndiye aliyecheka zaidi, mpaka akavua miwani apanguse macho. "Mkate," akasema. "Wa baba ulikuwa mkate."

Mimi niliacha kucheka. Mwewe ni kweli. Tembo ni kweli. Greda kurudi kinyumenyume kwenye kona, hilo nalo nilikumbuka sasa kwamba Erasmus aliwahi kulisimulia msibani kwa jirani, na watu wakampigia makofi ya kejeli. Lililobaki ni moja tu, na lilikuwa langu.

Nilimwambia Daniel atupeleke kwenye msitu wa migunga ya njano, maana nilijua twiga anapenda mgunga. Tukaenda. Nyani, tumbili, kuro. Nikamwambia azunguke tena kwa upande wa pili. Akazunguka. Tukamwona faru kwa mbali, jambo ambalo watu hulilia, na mimi nilimtupia jicho moja nikarudi kwenye miti. Jua likaanza kuinama. Wenzetu walikuwa wamechoka, mmoja ameshalala.

"Mama," Daniel akasema taratibu, "muda wetu wa kutoka unakaribia. Simba umemwona, faru umemwona. Unatafuta nini?"

Ningeweza kunyamaza. Tungepanda, tungerudi Kibamba, ningesema ukuta ubaki. Lakini kuuliza si ujinga, nimewaimbia watoto wimbo huo maisha yangu yote, na sasa nilitaka kujua kuliko nilivyotaka kuwa sahihi.

"Twiga," nikasema.

"Twiga hawashuki humu, mama."

Maneno yale yale, kana kwamba alikuwa amelisoma lile daftari.

"Hata mmoja?"

"Mimi naingia humu mwaka wa kumi na mbili. Sijawahi kumkuta."

"Kwa nini?" Hata hapo, kwa aibu ile, nilitaka kujua. Akasema wengine husema ukuta ni mkali kwa miguu yao mirefu, wengine husema chakula chao huku chini hakitoshi, na yeye anadhani ni yote mawili. Nikamshukuru. Nikamrudishia darubini yake.

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Niligeuka kwenye kiti nikamtazama Elinaza.

"Mwanangu, ulipata. Mimi ndiye niliyekosa. Tena nikwambie jingine: kitabu changu hakikuwa na twiga. Nilimweka mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza, kwa sababu watoto walicheka nikaona raha. Baada ya miaka michache nikasahau kwamba nilimweka mimi. Nisamehe."

Elinaza alivua miwani akaishika mapajani. "Mwalimu, lile kosa mie sikulijali. Swali moja tu lile."

"Nilikufanya uchekwe na wenzako."

"Na hilo lilipita. Siku ile nilirudi nyumbani, baba alikuwa likizo. Alikuwa ananisubiri, alisema leo atanisimulia ya faru. Nikamwambia, baba, usinidanganye tena. Nikamwonyesha daftari. Alisoma ile mistari yote, mwalimu, mmoja mmoja, mpaka wa ishirini, akaangalia na tiki yako. Akasema, sawa, mwalimu amesoma kuliko mimi. Hakunisimulia tena."

Nassibu alivua taulo lake kichwani.

"Majirani aliendelea kuwasimulia, wakimcheka hakujali. Mie ndio aliacha. Alipolazwa nilikaa naye wiki mbili. Nikamwomba, baba, nisimulie barabara ya Ngorongoro. Akasema ameisahau." Alivaa tena miwani. "Nimekuja kuona kama ni kweli, mwalimu. Nami nilikuwa sijui. Miaka yote hii, hata siku tunamzika, nilikuwa sijui kama baba yangu alikuwa mwongo au siye."

Nililia. Mimi si mtu wa kulia mbele ya wanafunzi, na nililia kwa sauti, huku pundamilia wamesimama wanatutazama. Elinaza alisogea mbele akaniwekea mkono begani, naye analia, na mara akacheka kidogo katikati ya kilio. "Siye," akasema. "Umeona, mwalimu? Siye."

Tulipokuwa tunapanda kutoka, alitoa tena kichwa dirishani. Daniel, bila kuambiwa, akaendesha taratibu ili aione barabara vizuri mpaka ilipoisha.

Desemba fundi wa kuchora alikuja shuleni Jumamosi. Nilimwalika Elinaza, na Bupe naye akaja, maana nilimwita nimwombe radhi kuhusu maji ya kitunguu. Nilimwambia fundi anipe brashi nimfute twiga mwenyewe. Nilianza na kwato nikafika kifuani. Shingoni mkono haukufika, fundi akamalizia kwa ngazi. Ilinichoma zaidi ya nilivyotegemea. Nilikuwa nimempenda yule mnyama.

Palibaki nafasi kubwa nyeupe, kuanzia ukingo wa kasoko mpaka chini.

"Hapa tuweke nini?" fundi akauliza. Bupe akasema tembo. Mimi nikamgeukia Elinaza, nikasema, "Wewe unasemaje?"

"Greda," akasema.

Fundi alitutazama kama watu waliochanganyikiwa, lakini alichora. Barabara nyembamba inashuka ukutani, na juu yake greda la njano, linarudi kinyumenyume kwenye kona, na ndani yake mwanamume mwenye kofia. Chini, kwa herufi za kitabuni, Elinaza aliandika mwenyewe: Twiga hawashuki humu. Aliandika mara moja tu.

Shule ilipofunguliwa Januari, mwalimu mkuu aliniomba nije mstarini niwaeleze watoto picha mpya. Niliwaeleza yote. Niliwaambia nilikosea, nani alipata, na nilimfanya nini. Waliosimama mbele walishangaa mdomo wazi, maana hawakujua kwamba mwalimu naye anaweza kupata kosa jekundu.

Kisha msichana mmoja wa darasa la tatu akauliza, "Mwalimu, na yule aliye ndani ya greda anafanya nini kwa wanyama?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini mwangu. Miaka thelathini na minne haitoki kwa siku moja. Nilivuta pumzi nianze. Ndipo nikaona, nyuma ya mistari yote, karibu na geti, mtu mzima aliyevaa sare ya kiwanda, amechelewa kazini kwake Mikocheni, amenyoosha mkono juu.

Nikaimeza pumzi yangu.

"Ndiyo, Elinaza," nikasema.